Kujifungua Kilifi: Jengo la hospitali pekee haliokoi mama na mtoto

MWANAMKE mjamzito katika vijiji vya Magarini, Ganze au Langobaya huwa na mahali patatu anapoweza kujifungulia. Anaweza kubaki nyumbani akasaidiwa na mkunga wa jadi, anaweza kwenda katika zahanati iliyo karibu naye, au anaweza kusafiri hadi hospitali kubwa ya Malindi, Mariakani au Kilifi mjini. Mara nyingi uamuzi huo hauwi wake peke yake. Mume hushauriwa kwa kuwa ndiye mwenye kutoa nauli, na mavyaa husikizwa kwa kuwa yeye mwenyewe alizaa watoto wake papo hapo nyumbani na wakasimama.

Kwa miaka mingi ujumbe wa serikali na mashirika ya afya umekuwa mmoja: mama asijifungulie nyumbani. Ujumbe huo umesikika. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2003 ulionyesha kuwa ni asilimia 40 tu ya watoto nchini Kenya waliozaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2008-09 kiwango kilikuwa asilimia 43, mwaka wa 2014 kikafika asilimia 61, na mwaka wa 2022 kikapanda hadi asilimia 82. Katika muda usiotimia miaka 20, idadi iliongezeka maradufu.

Hata hivyo, takwimu za uchunguzi huo huo zina upande wa pili ambao hautajwi sana majukwaani. Mwaka wa 2008-09, watoto 31 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mwaka wa 2014 walikuwa 22. Mwaka wa 2022 walikuwa 21. Yaani katika kipindi ambacho kina mama walimiminika katika vituo vya afya kuliko wakati mwingine wowote, vifo vya watoto wachanga vilikaribia kusimama palepale.

Kwa upande wa kina mama, makadirio yalishuka kutoka vifo 488 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai mwaka wa 2008-09 hadi 362 mwaka wa 2014, na sensa ya 2019 ikatoa idadi ya 355. Makadirio ya aina hii huwa na pengo pana la makosa, hivyo tofauti kati ya miaka hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ushindi uliothibitishwa.

Je, ina maana kwamba mavyaa alikuwa na haki? La. Ina maana kuwa swali la mahali pa kujifungulia limekuwa likiulizwa nusu. Jengo lenyewe halimtibu mtu. Kinachomwokoa mama au mtoto ni mtu mwenye ujuzi, dawa inayofanya kazi na muda ambao haujapotea, na vitu hivyo vitatu havipatikani kwa kiwango kimoja katika kila jengo lenye maandishi ya Wizara ya Afya mlangoni.

Saa zinazohesabiwa

Uzazi mwingi humalizika salama popote pale, na hilo ndilo linalowapotosha wengi. Mkunga aliyezalisha wanawake 50 bila msiba huaminika kijijini, na ni kweli kwamba hajapata msiba. Hatari ya uzazi ni ya wachache, lakini wachache hao hawajulikani mapema. Mwanamke aliyehudhuria kliniki mara zote, ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa sawa na mtoto wake amelala vyema, anaweza kuanza kutokwa na damu dakika chache baada ya kondo la nyuma kutoka.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua kina mama wengi zaidi duniani, na ndiko kunakokwenda kasi. Mama mwenye damu pungufu, jambo la kawaida katika pwani yenye malaria na minyoo, anaweza kufariki katika muda wa saa mbili. Kifafa cha mimba na maambukizi ya kizazi huchukua muda mrefu kidogo. Uchungu uliokwama, pale mtoto asipoweza kupita katika nyonga, huweza kuchukua siku mbili au tatu, na mama akinusurika anaweza kubaki na nasuri, akivuja mkojo na kutengwa na wenzake.

Kwa mtoto, hesabu ni ya dakika. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada fulani ili aanze kupumua: kukaushwa, kusuguliwa mgongo, au kupuliziwa hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso. Chombo hicho si ghali wala hakihitaji umeme. Kinahitaji mtu anayejua kukitumia, aliye macho, na asiyemhudumia mama mwingine wakati huo huo.

Kisha kuna viini. Watafiti waliochunguza kina mama 7,967 katika pwani ya Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2016, waligundua kuwa karibu asilimia 12 yao walikuwa na bakteria aina ya streptokoka za kundi B. Wengi wao hawaumwi na bakteria hao, lakini mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa au hata kabla, na akafa katika saa za kwanza. Mtoto anayezaliwa na kufa nyumbani kwa njia hiyo hazikwi na jina la ugonjwa. Husemwa tu kwamba hakukaa.

Mkunga na wembe

Mkunga wa jadi hastahili kudharauliwa. Huja anapoitwa, hata usiku wa manane. Humwogesha mama kwa maji moto, humkanda na humpikia uji. Kondo la nyuma huzikwa kwa heshima, si kutupwa mahali pasipojulikana. Malipo yake huweza kuwa kuku au kanga, na hulipwa mama anapoweza. Hakuna zahanati inayotoa huduma ya namna hiyo.

Asichoweza ni kuzuia damu isiyokoma, kumpa mama dawa ya kifafa au kumpasua. Mafunzo yaliyotolewa kwa wakunga wa jadi katika miaka ya 1970 na 1980 kote barani yalileta usafi zaidi, lakini hayakupunguza vifo vya kina mama kama ilivyotarajiwa. Ndiyo maana sera ya kimataifa ikageuka na kusisitiza mhudumu mwenye ujuzi wa kitaaluma. Kenya ilifuata mkondo huo, na wakunga wengi wakaombwa wawe wasindikizaji wa kina mama badala ya wazalishaji.

Pepopunda ya watoto wachanga ni mfano wa jambo ambalo usafi na chanjo viliweza kulitatua bila kujali mahali. Zamani mtoto aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu, au aliyepakwa majivu kitovuni, alilazwa katika hospitali ya Kilifi akiwa amekakamaa mwili mzima, na wengi hawakutoka. Chanjo wanayodungwa kina mama kliniki imeubana ugonjwa huo, na kufikia mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limethibitisha kuwa Kenya imeudhibiti.

Mambo mengine hayakukubali dawa rahisi namna hiyo. Kisiwani Pemba, watoto 36,911 walihusishwa katika utafiti uliojaribu kusafisha kitovu kwa dawa ya klorheksidini, njia iliyokuwa imeokoa watoto wengi katika nchi za Asia ya Kusini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 hayakuonyesha upungufu wa vifo unaoweza kuthibitishwa. Kilichofaa Nepal si lazima kifae Pemba, wala Malindi.

Zahanati yenye muuguzi mmoja

Baada ya Rais Uhuru Kenyatta kutangaza, Juni 1, 2013, kwamba huduma ya kujifungua itakuwa bila malipo katika vituo vya umma, kina mama wengi zaidi walivifuata vituo hivyo. Wengi walianzia palipo karibu. Hapa ndipo penye kiini cha suala lote.

Zahanati nyingi za mashambani zilijengwa kwa ajili ya chanjo, malaria na vidonda. Kuna muuguzi mmoja au wawili. Muuguzi akienda kuchukua mshahara, akihudhuria mafunzo au akiugua, mlango hufungwa. Usiku hutegemea kama anaishi kwenye nyumba iliyo uani au mjini. Mama aliyejifungulia katika zahanati ya namna hiyo huandikwa miongoni mwa wale asilimia 82, sawasawa na aliyejifungulia katika hospitali yenye daktari, chumba cha upasuaji na benki ya damu. Katika daftari ni wamoja. Damu ikianza kutoka si wamoja.

Chukua mfano wa oksitosini, dawa inayodungwa kila mama mara tu mtoto anapotoka ili kizazi kijikaze. Dawa hii inapaswa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye kabati katika joto la Machi la pwani, hupoteza nguvu kidogo kidogo bila kubadilika rangi wala harufu. Muuguzi hudunga, huamini amefanya wajibu wake, na damu haikomi. Umeme ukikatika au gesi ya jokofu la chanjo ikiisha, athari huonekana wiki kadhaa baadaye katika chumba cha kujifungulia, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Zipo habari njema kuhusu damu. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliohusisha wanawake 210,132 na kuchapishwa mwaka wa 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye vipimo unaotandikwa chini ya mama ili kiasi cha damu kionekane badala ya kukisiwa kwa macho. Wahudumu walipoona kiwango kimepita, walitoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo wajaribu jingine. Waliopata madhara makubwa ya kutokwa na damu walikuwa asilimia 1.6, ikilinganishwa na asilimia 4.3 katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida. Jengo lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa ndani yake.

'Hospitali ndiyo inayoua'

Kuna msemo unaosikika vijijini kwamba mtu akipelekwa hospitali kubwa, amekwisha. Msemo huo una chanzo chake. Wanaofikishwa hospitali kubwa usiku mara nyingi ni wale waliokwisha kukwama kwingine: wameshinda nyumbani siku nzima, wakapelekwa zahanati, wakaandikiwa barua, wakatafuta gari. Wanapofika, mtoto huenda amekwisha kufia tumboni na mama ameishiwa damu. Kifo hicho huhesabiwa kuwa cha hospitali ilhali kilianza kupangwa mbali. Kwa sababu hiyo, kulinganisha vifo vya nyumbani na vya hospitali bila kuuliza nani alifika wapi na katika hali gani humpa mtu jibu lililopinda.

Mwaka wa 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua kina mama: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa Kilifi zote tatu zinajulikana. Ya pili imepungua kwa kiasi. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka wa 1991, msafara wa Mombasa na Malindi uliacha kungojea feri ya kuvuka mkono wa bahari. Bodaboda nazo zimefika mahali ambapo gari halikufika. Lakini mama mwenye uchungu kupakiwa kwenye pikipiki kati ya dereva na shemeji yake, katika barabara ya udongo, ni safari ambayo wenye kutoa ushauri wa afya hawajawahi kuifanya.

Mvua inaponyesha, hesabu hubadilika tena. Mto Sabaki hufurika na kuvitenga vijiji vya Magarini. Mnamo Novemba 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Mbogolo na kukata barabara kuu kati ya Kilifi na Malindi yenyewe, barabara ambayo ambulansi huitegemea.

Pamoja na hayo, umbali hauelezi kila kitu. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanzishwa mjini Kilifi mwaka wa 1989, kimekuwa kikihesabu wazazi, vizazi na vifo katika eneo linaloizunguka hospitali ya Kilifi tangu mwaka wa 2000. Utafiti wake uliochapishwa mwaka wa 2010 uligundua kuwa, katika eneo hilo lenye vituo vingi vya afya, watoto wa chini ya miaka mitano walioishi mbali na hospitali hawakufa zaidi ya walioishi karibu. Mwingine, wa mwaka wa 2019, ulitazama migomo sita ya wahudumu wa afya iliyotokea kati ya 2010 na 2016, na haukuona ongezeko la wazi la vifo kwa jumla. Mtu anaweza kusoma matokeo hayo akasema hospitali haina faida. Usomaji ulio makini zaidi ni kuwa tofauti kubwa iko katika kile ambacho mgonjwa hupewa akishafika, na hilo haliandikwi kwenye ramani.

Heshima chumbani

Ipo sababu nyingine inayowafanya wanawake wabaki nyumbani hata wanapoishi karibu na hospitali. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 nchini, na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya watano alilalamikia kudharauliwa au kuteswa alipokuwa akijifungua. Kufokewa, kupigwa kofi, kuachwa peke yake, kuvuliwa nguo mbele ya watu. Mnamo Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, kisha akatukanwa na wauguzi, alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Uamuzi huo ulitegemea Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya, ikiwemo ya uzazi.

Mwanamke wa Kigiriama au Mswahili aliyezoea kujifungua akiwa amechuchumaa, amezungukwa na wanawake wa ukoo wake, akilazwa chali juu ya kitanda cha chuma mbele ya kijana wa kiume asiyemjua, ataweza kusamehewa akisema mara ya pili hatarudi. Muuguzi naye, aliyehudumia kina mama kumi usiku mmoja, ana malalamiko yake. Kuruhusu jamaa mmoja aingie na mama chumbani hakugharimu kitu, na ni jambo ambalo WHO imelipendekeza, lakini vyumba visivyo na mapazia hulifanya kuwa gumu.

Mara kwa mara wenye elimu huuliza kwa nini wanawake wa Ulaya huruhusiwa kuzalia nyumbani. Jibu lipo. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka wa 2011, uliowafuatilia wanawake 64,538 wasio na dalili za hatari, haukuona tofauti kwa watoto wa wanawake waliokwisha kuzaa kabla. Kwa waliokuwa wakizaa mara ya kwanza, kuzalia nyumbani kuliongeza hatari: watoto 9.3 kwa kila 1,000 walipata madhara, dhidi ya 5.3 katika vitengo vya madaktari. Na nyumbani kwao kuna mkunga aliyesomea kazi, mwenye dawa kwenye mkoba, na ambulansi inayofika kwa dakika. Nyumba ya Ganze na nyumba ya Oxford hufanana kwa jina tu.

Nani atalipa

Huduma ya bila malipo ya mwaka wa 2013 iligeuka kuwa mpango wa Linda Mama, ambao hazina ya bima ya NHIF ilianza kuusimamia mwaka wa 2017. Mama alijiandikisha na hakudaiwa mchango wowote. Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF. Katika utaratibu huo mpya, huduma za zahanati na vituo vya afya zilipangwa kugharimiwa na serikali, lakini kupata matibabu katika hospitali kubwa kulihitaji familia iwe imekwisha kutoa mchango, usiopungua Sh300 kwa mwezi, na walio nje ya ajira rasmi wakatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Kwa mvuvi wa Ngomeni au mchoma makaa wa Bamba, Sh3,600 kwa pamoja si fedha ndogo. Athari yake katika suala la mahali pa kujifungulia iko wazi: mpango wenyewe unamsukuma mama kuelekea zahanati, palipo bure, na kumweka mbali na chumba cha upasuaji, penye malipo, hadi mambo yatakapoharibika. Kisha huanza harakati za kujiandikisha kwa simu usiku, mama akiwa kwenye gari.

Simu hiyo hiyo imewahi kufanya kazi nzuri zaidi. Huko Zanzibar, katika utafiti wa 2009 na 2010 uliohusisha wanawake 2,550, wajawazito walitumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kliniki na kupewa vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Waliozalishwa na mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60, dhidi ya asilimia 47 ya wale ambao hawakupewa huduma hiyo. Watoto waliozaliwa wafu au kufa katika wiki ya kwanza walipungua pia. Ongezeko hilo la kuzalishwa na wenye ujuzi lilikuwa kubwa mijini. Kwa wanawake wa mashambani, halikuonekana.

Maswali ambayo mjamzito wa Kilifi na jamaa zake wanaweza kuyauliza kliniki, miezi kabla ya uchungu, ni ya kawaida kabisa. Usiku nani huwa zamu hapa? Jokofu linafanya kazi? Mambo yakiharibika nitapelekwa wapi, kwa gari la nani, na nambari ya dereva ni ipi? Mama mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, aliyewahi kutokwa na damu nyingi au aliyepoteza mtoto hana budi kuanza na hospitali kubwa moja kwa moja, na ikiwezekana ahamie kwa jamaa aliye mjini wiki mbili kabla ya siku zake. Wengi huko Malindi wana shangazi Shella, Maweni au Kisumu Ndogo, na godoro moja sebuleni kwa shangazi huyo limekuwa likifanya kazi ambayo bajeti ya kaunti haijaifanya.